Mwaka Niliosimamia Foleni ya Gurudumu

Bi Rukia alizikwa kabla sijafika. Nilikuwa nyumbani kwangu Majimbo, hapa Embu, mikono imejaa povu la sabuni, binti yake Zainabu aliponipigia simu kuniambia kwamba mama ametutoka alfajiri na wanamzika adhuhuri. Waislamu hawamcheleweshi marehemu wao. Niliacha nguo kwenye beseni, nikavaa gauni la kwanza lililonijia mkononi, na bado nikafika Meru mjini watu wameshatoka makaburini, wanawake wameketi kwenye mikeka sebuleni, na sinia za pilau zinapita. Nikaketi nilipopata nafasi. Mama mmoja kando yangu, jirani mpya asiyenijua, aliniangalia usoni, akautazama msalaba mdogo shingoni mwangu, akashindwa kuvumilia. "Na wewe mama, Bi Rukia alikuwa nani yako?" Nikamwambia alikuwa mwajiri wangu zamani, mwaka mmoja tu. "Kazi gani?" Nikasema, "Nilikuwa nasimamia laini ya gurudumu." Wasichana waliokuwa wakigawa maji walicheka, kisha wakakumbuka wako msibani wakaziba midomo. Ilibidi Zainabu awaeleze kwamba kabla ya duka la vitambaa, mama yake alikuwa na gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani, na kwamba watu walitoka mbali kuja Kinoru, pale pale mjini, kulipigia foleni kutwa nzima. Wakaniuliza mambo mengi: lilikuwa refu kiasi gani, watu walitapika, mbona foleni ilihitaji mtu wa kuisimamia. Nilijibu nilichoweza. Niliyoyaacha ndiyo ninayoyaandika hapa.

Habari za kwetu nitazipita, hazina kazi katika kisa hiki. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakuwa ya kunipeleka popote, na nilikuwa nimechoka kuulizwa sasa nitafanya nini. Bi Rukia alikuwa mjane. Mumewe alikuwa na malori, na kabla ya kufa alinunua vifaa vya bustani moja ya burudani iliyokuwa ikifungwa: gurudumu la viti kumi na viwili, farasi wa mbao wa kuzunguka, na bembea iliyofanana na mtumbwi. Kila mtu alimshauri aviuze kama vyuma chakavu. Yeye akakodi uwanja Kinoru, akavizungushia ua wa mabati, akamwajiri fundi aitwaye Mutuma aendeshe injini ya dizeli, kisha akatafuta msichana mwenye sauti. Aliniuliza swali moja tu siku ya kwanza: "Unaweza kumwambia mtu mzima arudi nyuma?" Nikasema naweza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kumwambia mtu mzima chochote isipokuwa shikamoo.

Chakula tulikula kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, chumba chenye dirisha moja na magunia ya mchele yaliyopangwa hadi karibu na dari. Tuliketi juu ya magunia hayo. Yeye alipika kama watu wa mjini, wali wa nazi Ijumaa, maharage yenye iliki, chai ya tangawizi iliyokuwasha koo, na alinishangaa nilivyotamani githeri. "Mahindi na maharage kila siku, mwanangu, hamchoki?" Nami nilimshangaa alivyokula pilipili bila kupepesa jicho. Mpaka leo harufu ya iliki ikinipata mahali, naona yale magunia na kile kidirisha, na namwona Mutuma akifuta mikono yenye grisi kwa gazeti kabla ya kugusa sinia, maana Bi Rukia hakuwa na mzaha na mikono michafu.

Lakini ni foleni iliyonishika. Mimi ni mbea, nakiri, na foleni ni shamba la mbea. Watu wakisimama kwa saa mbili wakitazama visogo vya wenzao huanza kusema mambo ambayo nyumbani hawayasemi. Nilikuwa nikipita huku na huku, najifanya nawanyoosha, kumbe nasikiliza. Nilimsikia mwanamume akifanya mazoezi ya hotuba ya kupeleka posa kwa baba wa msichana, akimwelekea mtu asiyemjua kabisa, na yule mtu akimrekebisha: "Usianze na shamba, anza na heshima." Nilisikia wamama wawili wa kanisa wakibishana kama ni sawa mhubiri kuonekana miguu ikining'inia hewani. Mwalimu mmoja mstaafu alimweleza msichana wa mitumba jinsi alivyokosa kuoa mwanamke aliyempenda, wakafika mbele, akapanda, akashuka, wala hawakuagana. Wanaoshuka nao niliwadaka mlangoni. "Umeona nini?" Nilitaka kujua kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kupanda. Kazi yangu ilinipa ruhusa ya kupanda bure wakati wowote, na kila Mutuma aliponiita nilipata udhuru. Niliogopa. Kiti kile kikisimama kule juu, kikiyumba, nilitazama pembeni hata nikiwa chini. Kwa hiyo nilikusanya ya wenzangu. Mmoja ameona paa la shule yake. Mwingine ameona ng'ombe wa jirani kwenye mahindi, akashuka mbio kwenda kumwambia.

Tatizo letu kubwa lilikuwa mawe. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua: ukifika kisimani, au kwenye mashine ya kusaga, au kwenye zahanati, na watu ni wengi, unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda zako kivulini au kwa shughuli nyingine, na jiwe linakushikia nafasi. Watu wanalisogeza kwa mguu foleni inavyosonga. Hakuna anayeliiba. Kinoru mawe yalikuja na binamu zake: kiatu kimoja, kitabu cha nyimbo za kanisa, kichwa cha kabichi, siku moja kuku aliyefungwa miguu. Ingekuwa sawa kama kila mtu angeweka jiwe moja. Lakini Jumamosi moja mtu aliweka mawe saba akaenda zake sokoni, akarudi na watoto saba wa ukoo mzima, na waliokuwa nyuma wakamrukia, ua wa mabati ukaanguka. Siku hiyo Bi Rukia alitoa amri. "Anayetaka kupanda asimame mwenyewe. Sijawahi kuona jiwe likinunua tiketi." Nikapewa kazi ya kuondoa mawe. Niliipenda kupita kiasi, hilo nalo nakiri. Nilikuwa nayapiga teke hadi kwenye bati na watu walinishangilia.

Mzee M'Thuranira alikuja mara ya kwanza mwezi wa Agosti, kutoka Muthara, na mkewe ambaye kila mtu alimwita Mama Nkirote kwa jina la binti yao. Mzee alisimama kwenye foleni. Mkewe aliketi kando kwenye gunia, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. Siku hiyo mkanda wa injini ulikatika wakiwa wamebakiza watu watatu. Wakarudi Jumamosi iliyofuata. Wakasimama, yaani mzee akasimama, mpaka wakafika mbele kabisa, na hapo mzee akatazama upande wa mlima, akatoka kwenye mstari. Sijawahi kuona mtu akiacha nafasi ya kwanza. Pua yangu ikanipeleka. "Muga, Mzee," nikamsalimia. "Mbona unatoka na umefika?"

"Leo mlima imejifunika," akasema. "Tutakuja siku ingine."

"Na lazima muone mlima?"

Alinitazama kama anayepima kama nastahili kuambiwa. Kisha akaniambia kwamba macho ya mkewe yanaisha. Si mtoto wa jicho, hilo lingepasuliwa. Ni presha ya macho, na daktari amesema kinachokwenda hakirudi. Anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Tangu akiwa msichana alikuwa akisikia kwamba ukiwa juu sana hapa Meru unaweza kuona mlima upande huu na milima ya Nyambene upande ule kwa wakati mmoja, bila kutembea. "Anataka aone hiyo kabla haijafungwa," akasema mzee. "Ni hiyo tu anataka. Mimi nimempea miaka arobaini ya kulima, siwezi shindwa kumpea hiyo." Nikasema Mungu atasaidia, na nikawaambia waje asubuhi mapema, kabla mawingu hayajapanda. Nilijiona mtu mwema.

Walikuja. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, siku yetu ya mwisho Kinoru kabla ya mvua, na asubuhi ilikuwa safi hata theluji ya kileleni ungeweza kuigusa kwa kidole. Na kwa sababu ilikuwa ya mwisho, watu walikuwa wamefurika hadi barabarani. Sikuwaona wakifika. Nilichoona, saa tatu hivi, ni jiwe, lipo peke yake katikati ya foleni, mbele ya kijana mwenye redio. "Hii jiwe ni ya nani?" kijana akapaza sauti. "Si mlisema hakuna mawe?" Wengine wakapokea, "Toa! Toa!" Sikuuliza. Nililipiga teke, likagonga bati, watu wakapiga makofi, na mimi kichwa kikavimba. Dakika chache baadaye Mzee M'Thuranira akatokea upande wa vyoo. Alikuwa amempeleka mkewe, kwa sababu peke yake mama hangeweza tena kuipata njia, akamrudisha kwenye gunia lake, kisha akaenda mwenyewe. Akatafuta jiwe lake kwa macho, akanitafuta mimi. "Mwari," akaniita, kama wanavyomwita binti, "nilikuwa hapa."

Nilimjua. Ningeweza kusema, ndiyo, mzee huyu alikuwa hapa, nami namfahamu. Lakini nyuma watu wote walikuwa wakipiga kelele "Laini! Laini!" na nilikuwa nimepigiwa makofi sasa hivi tu. Nikanyoosha mkono nikamwonyesha nyuma, kule barabarani. Alivua kofia, akaivaa tena, akatembea hadi mwisho. Kwa muda wa saa tatu nilipita kando yake nikitazama mahali pengine. Mawingu yalitoka bondeni kabla kidogo ya saa sita, yakapanda kama moshi wa jikoni, na mzee alipobakiza watu tisa au kumi mbele yake mlima haukuwepo tena. Alikwenda akamwinua mkewe. Niliwaona wakipita langoni, yeye mbele, mkewe ameshika mkia wa koti lake.

Alasiri, juu ya magunia, chakula kilinishinda. Nikamsimulia Bi Rukia yote, na nikamaliza kwa kusema kwamba ilikuwa sheria. Aliendelea kuchambua mchele. "Ulimjua?" akaniuliza. Nikasema nilimjua. "Basi usiniletee habari ya sheria," akasema. "Ile niliiweka kwa ajili ya watu usiowajua." Hakunifokea, wala hakulitaja tena. Ningefurahi kama angenifokea. Roho iliniuma wiki nyingi. Leo, baada ya miaka yote niliyofanya kazi nyuma ya kaunta ya ofisi, nikiwaona watu wakipanga foleni na faili mikononi kama wanaoomba msamaha, naweza kusema sikuwahi kumrudisha mtu nyuma kabla sijamtazama usoni. Si sifa. Ni woga tu, woga wa kusikia tena bati likigongwa.

Novemba tulihamia Embu, gurudumu limelazwa vipandevipande juu ya lori, na tukapanga chumba Majimbo, mimi na wasichana wawili wa tiketi. Ndivyo nilivyolijua eneo ninaloishi hadi leo. Foleni ya Embu ilinipa udadisi mpya. Watu walizungumza Kiembu na Kimbeere, nusu nikielewa, nusu nikibuni mwenyewe, na nadhani niliyobuni yalikuwa matamu kuliko yaliyosemwa. Mawe waliweka vilevile. Lakini sasa nilikuwa naliokota jiwe, naliinua juu, nauliza ni la nani, nangoja. Mutuma alinicheka, akasema nimegeuka mnadi wa mawe. Na kila niliyemsikia akizungumza Kimeru nilimuuliza kama anatoka Tigania, ambako Muthara iko, kama anamjua mzee mmoja wa Muthara. Waliniona kichaa kidogo. Watu wa Muthara ni wengi.

Wiki moja kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi, niliwaona wakiingia langoni. Koti lilikuwa lile lile. Mama Nkirote hakushika mkia wa koti tena. Alikuwa ameshika kiwiko kwa mikono miwili na kila hatua aliipima kwanza, kama mtu anayevuka mto. Nilitaka kujificha nyuma ya injini. Badala yake nikaenda, nikawasalimia, na mzee akanitambua, akanipa mkono bila kinyongo chochote nilichoweza kukiona. Binti yao ameolewa hapa Majimbo, akaniambia. Wamekuja kwa ajili ya kliniki ya macho, na jana wakipita barabarani ameliona gurudumu. "Wamempea dawa ya matone," akasema. "Inaweza kurudisha kidogo." Mkewe alitikisa kichwa kidogo. Nikamwambia mzee, njoo, nitawapeleka mbele moja kwa moja. Akakataa. "Hapana, mwari. Watu watapiga kelele. Wacha nipige laini." Akamketisha mkewe kwenye benchi letu, akaenda mwisho, akasimama kama saa moja na nusu hivi, jua likimchoma kisogo, na safari hii sikutazama mahali pengine.

Alipofika mbele ndipo alipotushangaza. Alimleta mkewe hadi kwenye kiti, Mutuma akafungua ufito wa kuzuia, na mzee akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi sipandi hiyo kitu. Hata ngazi ya ghala inanizungusha kichwa. Nilikuwa nampangia yeye tu." Kisha akanigeukia. "Wewe enda naye. Umwambie vile iko." Mutuma aliangua kicheko kwa sababu alijua ninavyoogopa. Bi Rukia, aliyekuwa kwenye kibanda cha tiketi, aliniangalia juu ya miwani yake na hakunisaidia hata kidogo. Nikapanda. Sijui jinsi nilivyopanda. Najua kwamba kiti kilipoachana na ardhi nilifumba macho, nikakamata ufito kwa nguvu zote, na nikasikia sauti za foleni zikishuka chini yetu taratibu. Tukasimama juu kabisa, Mutuma akipakia watu chini, na kiti kikaanza kuyumba.

"Mama," nikasema, macho yakiwa yamefumbwa. Sikuwa nimepanga kusema. "Ile siku ya Kinoru. Ni mimi nilitoa jiwe ya Mzee. Na nilikuwa namjua."

"Najua," akasema Mama Nkirote. "Nilikuona ukiipiga teke. Hiyo siku nilikuwa bado naona."

Nililia. Si kilio cha adabu, kilikuwa cha makamasi, na yeye akanivumilia kwa muda, kisha akanigonga goti kwa kidole. "Sasa ni nini? Mzee amesimama kwa jua tangu asubuhi ndio uje ulie huku juu? Mimi naona mwangaza tu. Niambie vile iko."

Nikafumbua macho. Nikamwambia mlima upo, lakini umejitanda shuka hadi mabegani, kichwa tu ndicho kinaonekana. Nikamwambia Nyambene haionekani kutoka hapa, nisimdanganye, ila upande wa chini kuna tambarare ya Mwea, na kuna kitu kinang'aa, labda ni maji ya mpunga. Nikamwambia habari za mapaa, mengi mapya, na mtu anayeanika mahindi juu ya paa moja. Alikuwa akiitikia "ii, ii" kwa kila kitu, uso ameuelekeza kwenye jua.

"Na Mzee yuko wapi?"

Nikajilazimisha kutazama chini. Kwenye benchi hakuwepo. Langoni hakuwepo. Nikaifuata foleni kwa macho, kichwa baada ya kichwa, na foleni nikaiona kwa mara ya kwanza ilivyo, imejikunja mara tatu ndani ya ua na kutokea barabarani, na kule mwisho kabisa, nyuma ya mama mwenye mapacha, nikaiona kofia.

"Amerudi kwa laini," nikamwambia. "Yuko mwisho. Anapanga tena."

Kiti kikashtuka na kuanza kushuka. "Anafikiri labda mara ya pili nitaona," akasema. Akapangusa uso kwa leso, polepole, shavu moja kisha la pili. "Tukifika chini usinipeleke kwa benchi. Nipeleke kwake. Siku zote anasimama peke yake."

Tukashuka. Nikamshika mkono, tukapita kando ya foleni nzima, mikunjo yote mitatu, hadi barabarani, na Mzee M'Thuranira akatuona. Alisogea kidogo kushoto kumpa mkewe nafasi.